Vyumba Vilivyokuja Bila Wenyewe

Mkutano ulifanyika katika darasa la watoto wadogo. Watu wazima walikaa kwenye viti vya kimo cha goti, magoti yakikaribia videvu, na mwenye bucha, ambaye ndiye aliyekuwa mwenyekiti wa kamati ya wakazi, alisimama muda wote kwa sababu kiti cha kumtosha hakikuwapo. Ubaoni zilikuwa zimebaki hesabu za kujumlisha. Ajenda ilikuwa moja tu: watu wanaoishi msituni.

Msitu ulikuwa mali ya umma. Ulianzia pale nyumba za mwisho zilipoishia, misonobari upande wa juu na mikaratusi upande wa bondeni, na katikati palikuwa na chemchemi ambayo mtaa mzima uliitegemea kila mabomba yalipokauka. Zamani watu walikwenda kupunga upepo huko, na watoto walikatiza humo kwenda shule. Kisha kiwanda cha nguo kilifungwa, barabara mpya ikapandisha kodi za nyumba, na mahema yakaanza kuchipuka kama uyoga. Yalikuwa ya turubai, ya nailoni na ya magunia. Mengine yalishonwa kwa mabango ya matangazo yaliyopitwa na wakati, hivi kwamba mtu akipita aliona katikati ya miti kipande cha uso wa mtu anayecheka.

Fundi cherehani alisema nguo za wateja wake zimeanuliwa kambani na si yeye aliyezianua. Baba mmoja alisema binti yake analazimika kuzungukia barabarani, maana njiani hukaa mwanamume anayeongea peke yake. Mwingine alisema maji ya chemchemi yananuka, na hakuna aliyemuuliza yananuka nini. Halafu kulikuwa na ule moto. Kiangazi kilichopita jiko la mtu lilipinduka kwenye majani makavu, misonobari ya juu ikashika, moshi ukaingia hadi vitandani mwa watu, na bibi mmoja mwenye pumu akakimbizwa hospitali. Haya yote yalikuwa kweli, au yalikaribia kuwa kweli.

"Maji yametufika shingoni," alisema mwenye bucha. "Tumepiga simu, tumekwenda ofisi hii na ile, kila mtu anasema si idara yake. Sisi si watu wabaya jamani. Lakini msitu ni wa watu wote."

"Na wale si watu?" aliuliza mtu wa nyuma, kwa sauti ndogo. Waliokaa karibu naye walicheka, wakidhani anatania.

Mbele kabisa alikaa mkunga mstaafu. Nusu ya waliokuwa mle darasani walikuwa wamepokelewa duniani kwa mikono yake, na kwa hiyo kila jambo zito la mtaa lilisubiri kwanza kuona mkono wake unakwenda wapi. Mkunga alikuwa na mdogo wake wa kiume msituni. Watu walimwita Breki. Alikuwa dereva wa lori mpaka macho yakaanza kumwonyesha barabara mbili pale palipokuwa na moja, akanyang'anywa leseni, mke akarudi kwao, na yeye akaja kulala kwenye kochi la dada yake. Alilala pale mpaka mkwe wa mkunga, mume wa binti yake, alipoanza kusema sebuleni kwa sauti ya kusikika kwamba nyumba hii si gereji. Siku moja Breki aliaga kwamba amepata kibarua mbali. Mbali kwenyewe kulikuwa umbali wa kutuma mtoto chumvi na maji yakawa bado hayajachemka. Mkunga alijua. Mara mojamoja alipita kwenye njia ya msituni na chakula ndani ya kopo, akaita, na watu waliomwona walisema huyu mama ana moyo.

Mwenye bucha aliomba wanaokubali mahema yaondolewe wanyooshe mikono. Mkunga alinyoosha wake. Darasa zima likanyoosha.

Mgambo wa manispaa walikuja na tipa asubuhi, saa ambayo watu wanapiga mswaki. Kazi haikuwa na fujo nyingi. Mwanamke waliyemwita Mama Pacha alisimama kando na watoto wake wawili, mmoja mgongoni, mmoja kifuani, akitazama sufuria yake ikirushwa juu ya tipa. Breki alilikunja hema lake mwenyewe. Lilikuwa la bango la dawa ya meno, na alilikunja kwa utaratibu kama alivyokuwa akikunja turubai la lori, pembe kwa pembe, kisha akampa mgambo.

"Lishike hivi usilipasue," alimwambia. "Bado lina kazi."

Mgambo alilipokea vizuri, akaliweka juu ya mengine. Vitu vyote vilichomwa kwenye jaa la takataka upande wa pili wa mji. Watu walitawanyika. Wengine walikwenda stendi ya mabasi, wengine chini ya daraja, wengine kwenye mfereji wa nyuma ya soko. Jioni wakazi walikwenda msituni kupunga upepo, na fundi cherehani alisema hata ndege wanasikika sasa.

Kesho yake mkunga alikuwa anadeki korido ya nyumba yake, na alipofika kati ya bafu na stoo, dekio liligonga mlango. Ulikuwa mlango wa mbao wa kawaida, wenye kitasa. Siku zote pale palikuwa ukuta. Mkunga alikausha kwanza chini yake kwa sababu maji yalikuwa yanaingia, kisha akaufungua.

Ndani kulikuwa na chumba. Hakikuwa kikubwa, ila mtu aliweza kusimama humo na kulala akajinyoosha. Sakafu ilikuwa ya udongo ulioshindiliwa kwa miguu, na juu yake majani makavu ya msonobari. Kulikuwa na mkeka, dumu la maji, na jaketi la dereva limetundikwa kwenye msumari. Dari lilikuwa ni bango la dawa ya meno, na yale meno makubwa meupe yalikuwa yametazama chini. Mkunga alitoka nje akazunguka nyumba. Kwa nje ukuta ulikuwa uleule, na kamba ya nguo ilikuwa imefungwa palepale.

Binti yake alitoka chumbani akijishika kiuno, maana alikuwa mjamzito wa mtoto wa kwanza.

"Mama, ni cha nani?"

"Cha mjomba wako," alisema mkunga.

"Aa," alisema binti, akaenda kuweka chai jikoni.

Mkwe alirudi mchana akakipima kwa tepu. Alikuwa na duka la vinywaji baridi na siku nyingi alikuwa analalamika hana pa kuweka jokofu la pili. "Hapa linaingia na nafasi inabaki," alisema. Akamwita fundi umeme avute waya.

Mtaa mzima ulikuwa hivyohivyo. Karibu kila nyumba iliamka na mlango mpya, nyingine koridoni, nyingine nyuma ya kabati, na kwa mwenye bucha ulitokea bafuni kwenye vigae vya bei mbaya, jambo lililomuudhi mke wake. Watu walitembeleana kuangalia. Fundi cherehani alipata chumba chenye fimbo ya kutembelea na kofia ya zamani. Mwenye bucha alipata chumba chenye sufuria, kanga mbili na viatu vidogo vya watoto, jozi mbili zinazofanana. Kamati ilikaa, safari hii sebuleni kwa mwenye bucha, kwenye makochi, na swali lilikuwa moja.

"Vyumba vimekuja na vitu vya wale watu," alisema mkunga. "Labda ni vyao."

"Mama Mkunga, nakuheshimu," alisema mwenye bucha. "Mke wangu ulimzalisha wewe. Lakini chumba kikiwa ndani ya nyumba yangu, kwenye kiwanja ninacholipia kodi, ni cha nani? Tusianze kujitafutia balaa."

Wakakubaliana kila mtu atumie chake anavyoona. Vitu vya ndani vilitolewa vikawekwa kwenye viroba, na asubuhi vilikuwa vimerudi ndani mahali pake. Baada ya kujaribu mara kadhaa watu waliviacha, wakapanga vyao pembeni.

Kasoro zilianza mvua ziliponyesha. Mvua ilinyesha nje na ikanyesha ndani ya vyumba vile pia. Jokofu la mkwe lilipiga shoti siku ya kwanza. Fundi bomba alipanda darini akashuka na vumbi tupu kichwani. "Huku juu ni kukavu kama unga," alisema. "Mvua inaanzia hapa chini ya bango. Mimi na mabomba tunaelewana, hii si kazi ya bomba." Mchele wa watu ulioza, magodoro yakaota ukungu. Mwenye bucha peke yake hakulalamika sana. Chumba chake kilikuwa na baridi kali, baridi ya sakafu ya saruji alfajiri, na aligundua kwamba nyama ikikaa humo haiharibiki. Tatizo lilikuwa sauti. Mara kwa mara watoto wawili walilia mle ndani, kwa kupokezana, na hakuna mtoto aliyeonekana.

"Unazoea," aliwaambia wateja, akipasua mfupa kwa shoka.

Mkunga ndiye aliyeielewa kwanza siri ya vyumba. Alikuwa akitoka sokoni akamwona Breki kwenye stendi, amesimama chini ya paa lililotoboka, maji yakimwingia shingoni, akikohoa kikohozi kizito chenye makohozi. Alitaka kumwita, lakini alikuwa na jirani, na basi lilikuwa linaondoka. Alipofika nyumbani alifungua mlango wa koridoni. Maji yalikuwa yanaanguka chumbani kwenye sehemu moja tu, ukubwa wa mtu aliyesimama, na katikati ya maji yale kulikuwa na kikohozi. Mkunga alikisikiliza kama alivyozoea kusikiliza vifua vya watu. Kilikuwa kilekile.

Aliwaeleza majirani. Hakuna aliyembishia, kwa sababu hilo lilieleza kila kitu: kwa nini vyumba vingine vinanuka moshi wa magari, kwa nini chumba cha mwalimu mkuu kina mbu hata kiangazi, na kwa nini cha fundi cherehani hujaa maji ya mfereji kila soko linapooshwa. Fundi cherehani alikuwa amekwisha kukata tamaa na chumba chake. Ndipo siku moja alipokifungua akakikuta kikavu, cha joto, kimetulia, na udongo wa sakafuni mgumu kama sahani. Kofia na fimbo havikuwapo. Siku ileile wasafisha mfereji wa nyuma ya soko walikuwa wameopoa mwili wa mzee.

Fundi cherehani alilia kidogo, maana hakuwa mtu mbaya. Kisha akaweka vigae, akahamishia cherehani zake humo, na wateja wakasema chumba kina mwanga mzuri.

Tangu hapo, watu wakikutana dukani na wameshasalimiana habari za nyumbani na za watoto, waliongeza salamu moja. "Na chako kimekauka?"

"Bado. Chako?"

"Naona kama kinaelekea."

Mkunga hakuisema salamu hiyo, na alipoulizwa alijifanya hasikii vizuri. Kikohozi cha koridoni kilizidi. Kilisikika wakati wa chakula, na mkwe aliongeza sauti ya redio. Mwishowe mkunga alivaa viatu, akamaliza mabenchi yote ya stendi, akamkuta Breki amekaa kwenye boksi nyuma ya choo cha kulipia.

"Twende nyumbani," alisema.

"Nyumbani kwa nani, dada?"

"Una chumba. Kipo kwangu tangu siku ile."

Breki alimtazama kwa yale macho yake yaliyoona vitu viwiliviwili, labda akawaona dada wawili na akashindwa amjibu yupi. Akasimama. Akamfuata. Alipoingia chumbani alitazama jaketi, dumu na mkeka. Alitazama dari, akayatambua meno. Alivua viatu, akakaa chini, na mvua ya mle ndani ikakata palepale kama bomba lililofungwa.

"Kumbe nafasi ilikuwapo," alisema.

Mkunga alikwenda kumchemshia maji ya kuoga.

Zilifuata siku nzuri. Chumba kilikauka lakini hakikunyamaza. Humo kulikuwa na pumzi ya mtu, harufu ya sabuni, na mara nyingine mluzi. Kikohozi kilipungua kwa dawa za mkunga. Breki aliosha vyombo, alikata kucha, alimsimulia binti wa dada yake habari za milima aliyoshuka na lori lisilo na breki na kupata jina, mpaka binti akacheka huku akishika tumbo na kumwomba aache asije akajifungulia jikoni. Hata mkwe alikubali kucheza naye drafti. "Mjomba anaona kete mbilimbili," alisema, "lakini bado ananifunga."

Habari ilisafiri. Mama Pacha aliisikia chini ya daraja, akawafunga watoto wake, mmoja mgongoni, mmoja kifuani, akaja kubisha hodi kwa mwenye bucha wakati wa chakula cha mchana.

"Nasikia chumba chetu kiko kwako," alisema.

Mwenye bucha alimtazama, akatazama wale watoto. Sauti zao alikuwa anazijua kwa muda mrefu. Alirudi ndani, akafunga kipande cha nyama kwenye gazeti, kipande kizuri tu kisicho na mfupa, akampa, akafunga mlango. Mama Pacha alibaki pale na nyama mkononi. Hakuwa na sufuria ya kuipikia, na sufuria yake ilikuwa bafuni mwa yule mtu.

Waliokuja nyuma yake walikuwa wengi zaidi. Walipita mlango kwa mlango, kwa adabu, wakiuliza kama kuna aliyeona chumba chenye godoro la bluu, au chenye picha ya mwanajeshi, au chenye baiskeli isiyo na tairi. Wakazi walijifungia. Jioni mwenye bucha alikuja kwa mkunga, akakataa kiti.

"Umetuingiza matatani, Mama Mkunga. Ukimfungulia mmoja, wote wanabisha."

"Ni mdogo wangu. Tumenyonya ziwa moja."

"Mimi sikatai. Lakini wewe ulinyoosha mkono. Tulikuangalia, nasi tukanyoosha. Sasa unataka uwe na roho nzuri peke yako?"

Mkunga alitazama miguu yake. Breki alikuwa chumbani, na mlango wa koridoni haukuwa mnene.

Hakuna aliyewatukana wala kuwatupia jiwe. Watu waliacha tu kununua vinywaji kwa mkwe. Walipita mbele ya duka lake wakiwa na kiu, wakamsalimia, wakaenda kununua duka la mbali. Chupa zilijaa vumbi. Mkwe alirudi nyumbani mapema akakaa bila kuwasha redio, na drafti haikuchezwa tena. Binti alianza kuvimba miguu, na mkunga, aliyejua miguu ya namna ile inaweza kuishia wapi, alimlaza na kumwinulia mito.

"Mama," alisema binti, akiwa ametazama ukuta. "Mimi sisemi Mjomba aondoke. Nasema awapumzishe watu macho kidogo. Mpaka nijifungue tu."

Mkunga alikaa ukingoni mwa kitanda mpaka binti akapitiwa na usingizi. Kisha akaenda koridoni. Breki alikuwa amekwisha kuvaa jaketi.

"Ni siku chache tu," alisema mkunga.

"Dada, mimi ni mtu wa magari." Hakuwa na hasira. Alikuwa anatafuta tundu la kifungo, akilikosa. "Fundi akikwambia siku chache, unajua kabisa gari limelala."

Mkunga alimfunga kifungo. Akampa dawa, skafu na chakula. Breki alikunja mkeka, akausimamisha kwenye kona, akafagia yale majani ya msonobari yakakaa upande mmoja. Alipovuka kizingiti cha mlango wa mbele, tone la kwanza lilianguka koridoni nyuma yao, ingawa nje jua lilikuwa linawaka.

Wateja walirudi dukani kwa mkwe siku ileile. Mwenye bucha alinunua kreti nzima.

Mvua za mwisho za mwaka zilikuwa kubwa. Mkunga alizoea kuingia chumbani na mwavuli, akakaa kwenye kigoda karibu na kile kikohozi. Mwanzoni alikiambia habari za nyumbani: binti anaendelea, miguu imepungua. Baadaye alikipa maelekezo. "Lala kwa ubavu. Usilale chali. Kunywa kitu cha moto." Aliacha chupa ya chai sakafuni, na alipoirudia aliikuta imejaa vilevile. Mchana alikwenda stendi, akaenda darajani, akauliza hospitali. Kila mtu alikuwa amemwona Breki mahali tofauti, siku tofauti. Mama Pacha alimwambia alimwona akielekea msituni, lakini hakuna aliyekuwa anaruhusiwa kuingia msituni na mzigo, kwa hiyo mkunga hakuamini.

Asubuhi moja, wakati chai iko mezani na mkwe anapaka mkate siagi, mkunga alisimama katikati ya sentensi. Hakuna kilichokuwa kimesikika. Ndicho alichokisikia. Alikwenda koridoni akashika kitasa na hakukizungusha mara moja. Wodini pia alikuwa anajua hivi, kabla daktari hajasema na kabla mama mwenyewe hajauliza. Akafungua. Chumba kilikuwa kikavu. Joto lilimgusa usoni, joto la nyumba ya mtu anayekula akashiba. Msumari ulikuwa mtupu ukutani, na dari lilikuwa jeupe, dari la kawaida.

Bwana misitu alimkuta Breki kwenye misonobari ya juu, palepale hema lake lilipokuwa, amelala kwa ubavu. Walimzika. Mwenye bucha alitoa nyama ya waombolezaji na hakutaka kulipwa. Kwenye lango la makaburi alimshika mkunga mkono kwa mikono yake yote miwili.

"Pole sana, Mama Mkunga. Kazi ya Mungu." Kisha, akishusha sauti kwa heshima: "Nasikia kimekauka."

"Kimekauka," alisema mkunga.

"Afadhali. Na mtoto yuko njiani."

Mtoto alizaliwa salama, wa kike, na mkunga ndiye aliyempokea. Chumba cha koridoni ndicho kilichokuwa na joto kuliko vyote, kwa hiyo kitanda cha mtoto kiliwekwa humo, na mkwe akapaka kuta rangi ya njano. Mtoto alilala vizuri. Hakukohoa, hakuugua, alinenepa, na wageni walimsifia. Mkunga alimwogesha, alimfunga, alimbembeleza, lakini aliyafanya yote haya sebuleni. Akifika mlangoni pa chumba kile alimkabidhi mtoto kwa mama yake, akarudi kwenye kochi. Kochi lilikuwa limebonyea upande mmoja, naye alikaa upande mwingine. Siku moja mkwe alimuuliza kama anataka wanunue jipya.

"Liache," alisema.

Vyumba vingine vilikauka kimoja baada ya kingine. Cha mwalimu mkuu, cha dobi, cha bibi mwenye pumu. Cha mwenye bucha hakikukauka chote. Nusu moja ilipata joto, ile ya upande wa dirisha, na jozi moja ya viatu vidogo haikuonekana tena. Nusu nyingine ilibaki na baridi yake, na ndani yake mtoto mmoja aliendelea kulia, sasa bila wa kupokezana naye. Mke wa mwenye bucha alihamia kwa dada yake kwa muda, akisema ni kwa ajili ya vigae.

Kisha msituni kukaonekana moshi tena. Kiwanda cha mbao nacho kilikuwa kimepunguza watu, na upande wa bondeni yalichipuka mahema kwenye mikaratusi, machache kwanza, halafu mengi. Chemchemi ikaanza kunuka. Fundi cherehani akaibiwa shuka. Mwenye bucha alipita kwa mkunga, na mara hii alikubali kiti.

"Si walewale," mkunga alimwambia. "Nimekwenda kuangalia. Hawa ni wengine kabisa, hata mmoja simjui."

"Ndiyo, ni wengine," alisema mwenye bucha. "Ndiyo maana."

Mkunga alitaka kusema neno. Alivuta pumzi ya kulisema. Koridoni mlango ulifunguliwa, binti yake akatoka akiwa amemkumbatia mtoto aliyeamka, mashavu mekundu kwa joto, na akauliza kama ni kweli mahema yataondolewa tena, maana mume wake bado hana pa kuweka lile jokofu. Mkunga aliishusha ile pumzi bila neno. Akanyoosha mikono, akampokea mtoto.

Mara hii mkutano haukuhitajika. Hata yule mtu wa nyuma, aliyeuliza lile swali darasani, alikuwa na watoto wanaolala wanne kitanda kimoja, na alikwenda mwenyewe manispaa kuhimiza. Tipa lilipangiwa asubuhi. Siku moja kabla, mtaa mzima ulikuwa na sauti ya vitu vizito vikiburutwa. Watu walikuwa wanahamisha makabati na meza kutoka ukutani, ili milango ikija ipate pa kukaa.